Maili za Kazi

Saginaw, Michigan
3 Desemba 2018

Mjukuu wangu Ramiro,

Nimefika. Basi limenitikisa siku mbili na nusu mpaka nyonga zangu zikawa kama za dada yangu Eufemia. Yeye ameanguka, mimi nimesafiri, tofauti yetu ni plasta tu. Tunalala kitanda kimoja kama tulipokuwa wasichana, na bado anakoroma kama trekta. Daktari anasema ni miezi mitatu kabla hajasimama bila kushikwa. Basi nitakuwa huku mpaka Machi, kwenye baridi ambayo hata mbwa wanakojoa harakaharaka warudi ndani.

Simu usinipigie. Sikio moja lilishakufa na la pili liko njiani. Ukipiga nasikia nyuki, kisha nakuitikia "ndiyo" kwa mambo nisiyoyajua. Niandikie. Darasani sikuketi hata siku moja, lakini babu yako alinifundisha herufi kwa kipande cha mkaa, kwenye masanduku ya viazisukari, hukuhuku Michigan, na zile herufi hazijaniisha.

Sasa nisikilize. Nimekuachia mume, sikukuachia paka. Anselmo anakwenda kusafishwa damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Maili thelathini na tano kwenda, nyingine kama hizo kurudi, na katikati saa nne kwenye mashine. Akikosa siku moja anavimba miguu. Akikosa mbili, maji yanapanda kifuani. Ya tatu hakuna.

Asile machungwa. Asile ndizi. Atakwambia daktari amebadili mawazo. Daktari hajabadili kitu. Gari letu linawaka ukilikanyaga mafuta mara mbili halafu ukasubiri kidogo. Usimwache aendeshe mwenyewe, akitoka kwenye mashine anaona barabara mbili na anaipenda ile isiyokuwepo.

Wewe nimekulea tangu una meno manne. Usinifanye nijute.

Bibi yako,
Refugia


La Ceniza, Texas
19 Desemba 2018

Shikamoo Bibi,

Babu hajambo, anakusalimu, na machungwa yote nimeyagawa kwa majirani, hata yale aliyoficha kwenye ndoo ya misumari.

Nina habari njema. Unajua mwaka huu nimechomelea mageti na uzio wa ranchi nne, kazi ilikuwa nzuri, na kodi ilikuwa inanisubiri mlangoni. Sasa kumbe serikali yenyewe imeweka njia. Ukinunua gari la kazi ambalo uzito wake na mzigo wake unapita paundi elfu sita, na ukalianzisha kazi kabla mwaka haujaisha, unaruhusiwa kukata bei yake yote kwenye mapato yako, mwaka huohuo. Gari dogo hawakupi hivyo. Ungeona watu kwenye yadi ya magari wiki hii. Nusu ya bonde letu iko pale, mafundi paa, wachimba visima, hata mwenye duka la mikate. Mtu hafungui boneti kutazama injini. Anafungua mlango wa dereva, anainama kusoma kibandiko cha uzito, akiona sita mbele anatabasamu.

Nimechukua pikapu nyeupe. Kibandiko chake kinasema paundi elfu saba na mia moja. Lina nguvu, Bibi, linavuta mabomba kama linavuta kamba ya viatu. Gari lenu la zamani walilichukua kama sehemu ya malipo. Walilitazama wakacheka, lakini walilichukua. Nyumba yangu nimeiweka dhamana kwa kilichobaki, na nikishapata lile punguzo nitapumua.

Muuzaji amenionya jambo moja. Liwe la kazi. Ninunue daftari, niandike kila maili, kutoka wapi mpaka wapi na kwa kazi gani. Unakumbuka yaliyompata Nikanori. Wakaguzi walikuta picha aliyoweka mkewe, wako ufukweni na pikapu la kazi, limejaa viti na sanduku la barafu. Walimnyang'anya punguzo lote. Alilia mbele ya wateja wake.

Kuhusu Babu usiwe na wasiwasi. Nimempangia usafiri.

Mjukuu wako,
Ramiro


Saginaw
27 Desemba 2018

Ramiro,

Umeuza gari langu. Nililipanda miaka kumi na tisa. Siku alipozikwa mama yako nilishukia makaburini kutoka ndani yake. Umelitoa kama mtu anayetoa ganda la muhindi, na hukuniuliza. Haya, limekwenda. Nimekasirika mpaka Eufemia ananiogopa, lakini limekwenda.

Hilo jipya silijui na silitaki, ila nitakwambia kitu kimoja na ukishike. Kama umeiambia serikali ni la kazi, basi liwe la kazi. Sisi tumeokota nyanya za watu katika majimbo saba na hatujawahi kuondoka na hata moja mfukoni. Karatasi ukishaitia sahihi inaota meno. Nikanori alijidai mjanja, sasa anapita kanisani kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo usipakie mtu. Usipakie wasichana, usipakie bia, usiende nalo pwani, usimwazime yule binamu yako mwenye masharubu. Hata mimi nikirudi Machi usije kunipokea nalo stendi. Nitafika kwa miguu yangu au kwa teksi, lakini hakuna mkaguzi atakayesema Refugia alimponza mjukuu wake.

Na Anselmo? "Nimempangia usafiri" ni maneno ya mtu anayegombea udiwani. Usafiri gani? Nani anaendesha? Anatoka saa ngapi? Nijibu kama mtu mzima.

Tamale za Krismasi za huku ni unga wa mahindi mtupu, nyama kidogo na majuto mengi. Nawakumbuka wote wawili.

Refugia


La Ceniza
7 Januari 2019

Refugia wangu,

Kijana kanionyesha barua yako. Umemchapa mpaka masikio yamekuwa mekundu. Mwache, nitakujibu mimi, maana aliyesafirishwa ni mimi.

Unauliza usafiri gani. Usafiri wa kigavana. Nakaa mbele. Kiti kina kitufe, ukikibonyeza kinapata moto, makalio yangu yanaiva kama mkate huku nikitazama mashamba ya watu. Nikifika kliniki wale wauguzi wananiambia, mzee Anselmo, leo umependeza. Nawaambia nina mke Michigan, msinichokoze. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi mchana, nalala, naamka, nakuwaza, nalala tena. Ndiyo ratiba.

Machungwa sijala. Niliyanusa tu.

Huyu kijana anafanya kazi mpaka namhurumia. Jioni anakaa mezani na daftari lake anaandika maili, kalamu kaishika vile nilivyokufundisha wewe, kwa vidole vyote vitano. Anaogopa sana, Refugia. Nyumba yake iko kwenye karatasi za benki. Usimwandikie kwa ukali tena. Ukiwa na ukali niandikie mimi, nimeuzoea, bila huo silali vizuri.

Mashine inachosha kidogo siku hizi. Lakini mwezi wa tatu si mbali.

Wako yuleyule,
Anselmo


La Ceniza
15 Januari 2019

Shikamoo Bibi,

Nakuandikia kwa haraka, kesho nina mabomba arobaini ya kupeleka. Babu anafika kliniki, usiwe na shaka. Mvua imeanza na njia yetu imekuwa tope, lakini anafika.

Daftari nimejaza kurasa kumi na moja. Hakuna maili hata moja isiyo ya kazi. Nimefanya vile ulivyosema.

Ramiro


Saginaw
24 Januari 2019

Anselmo, mwongo wangu,

Uliyanusa tu. Nimeisoma hiyo mbele ya Eufemia, akacheka mpaka nyonga ikamlia na ikabidi nimpe kidonge. Nakujua. Umekula manne.

Nimekaa nikifikiria hicho kiti chako. Nimekionea wivu, sikufichi. Miaka hamsini na nane nimepanda na wewe kwenye malori ya vibarua, tumekaa juu ya magunia, umeniwekea koti lako chini ili misumari isinichome, na leo unapata kiti cha moto peke yako. Nilimwambia Ramiro asimpakie mtu, lakini kwa mgonjwa anayekwenda kutibiwa sidhani kuna mkaguzi mwenye roho mbaya kiasi hicho. Na kama yupo, mwambie aje aongee na mimi, na apige kelele, maana sisikii.

Huku tumefungiwa ndani. Redio inasema ukitoka bila kufunika uso ngozi inakufa kwa dakika kumi. Narudia kukwambia: blanketi la kahawia, si lile jekundu, jekundu ni la uzuri tu. Kwenye mashine damu ikitoka nje inarudi na baridi, ndiyo maana unatetemeka.

Na uniandikie uzito. Wanakupima ukiingia na ukitoka, mwezi mzima hujaniambia hata mara moja. Mwanamume anayeficha uzito wake ana jambo.

Miguu imevimba? Usinijibu kwa mzaha. Nijibu.

Wako, hata ukikoroma,
Refugia


La Ceniza
19 Februari 2019

Ramiro,

Leo ni wiki ya tatu tangu babu yako afe. Barua yangu ya tarehe ishirini na nne niliikuta juu ya meza haijafunguliwa, imewekewa kikombe juu. Kuna duara la kahawa juu ya jina lake.

Ulibeba jeneza upande wa kushoto, ukanikumbatia, ukala chakula mezani kwangu, na kesho yake asubuhi ukaniambia umepata kazi ya uzio huko Pecos, miezi miwili, siku nzima ya barabara. Nikasema mwache aende, kila mtu analia kwa namna yake. Mimi ni mjinga wa hesabu lakini si mjinga wa watu, na nilichelewa kukuelewa kwa sababu nilikuwa na kazi ya kumzika mume.

Jana nilikwenda kliniki kurudisha mto wao. Muuguzi mmoja mnene, mwenye huruma, akanipa karatasi ya mahudhurio yake. Nilisoma kwa kidole. Kila siku wanaandika uzito, na wanaandika amefikaje. Tangu mwisho wa Desemba, kila mstari ni uleule: gari la wagonjwa la kaunti. Gari la wagonjwa. Gari la wagonjwa. Mstari wa Alhamisi tarehe ishirini na nne ni mweupe. Wa Jumamosi, ishirini na sita, mweupe. Jumanne wameandika marehemu.

Nikamwendea Inocencia, jirani, yule anayeona kila kitu na kusema nusu. Safari hii alisema chote. Gari la kaunti haliingii kwenye tope letu. Babu yako alikuwa anatembea mpaka kwenye kibao cha njia panda, kwenye lami, anasimama tangu saa kumi na nusu, maana dereva akifika na asikuone haongezi hata dakika. Ile Alhamisi halikuja. Jumamosi lilichelewa saa mbili, likakuta ameshindwa kusimama na amerudi nyumbani. Jumanne alikwenda tena kulisubiri, akaanguka palepale. Anasema alikuwa amevaa mfuko wa plastiki juu ya kofia.

Hakuna kiti cha moto. Hakuna kitufe. Alinidanganya kwa mwandiko wake mzuri, na wewe ukakaa mezani hapohapo ukamtazama anaandika.

Wewe ulikuwa wapi? Usinipe maneno matamu. Usinipigie simu, sitasikia, na sitaki kuona uso wako kabla sijaona maandishi yako.

Refugia


Pecos, Texas
27 Februari 2019

Bibi,

Nimeanza barua hii mara tano. Nitakueleza na usome mpaka mwisho.

Siku niliponunua gari nilimwambia Babu, nitakupeleka. Yeye ndiye aliyekataa kwanza. Alisema, utaandika nini kwenye daftari, safari ya kazi au ya figo? Tukacheka, nikampigia simu mtu wa kaunti, wakamweka kwenye orodha. Halafu ikaja barua yako, usipakie mtu. Aliisoma kwa sauti, akaikunja, akasema umesikia mwenye nyumba. Tangu hapo hakutaka hata kuguswa na kivuli cha gari lile. Barua ya kiti cha moto ilikuwa ni wazo lake. Alisema ukijua utapanda basi urudi, na Eufemia atabaki hawezi hata kwenda chooni. Mimi nilimwacha aandike. Hilo ni langu.

Alhamisi sikujua kwamba gari halikuja. Aliniambia amekwenda na amerudi. Jioni alikuwa na viatu visivyofungwa kamba, nikadhani ni uzee.

Jumamosi niliondoka saa kumi na moja kasorobo na mzigo wa mabomba. Kulikuwa na upepo wa kaskazini na mvua yenye barafu ndani yake. Nilimwona kwenye taa za gari. Nilisimama, Bibi, nakuapia nilisimama. Nikateremsha kioo. Nikamwambia panda. Akatazama ng'ambo, pale kwenye duka la petroli, akasema, kuna kamera pale, usiwe mpumbavu, pita. Nikasema Babu, unatetemeka. Akasema, natetemeka tangu kabla hujazaliwa, pita, utachelewa. Akawa ananifukuza kwa mkono kama anafukuza kuku.

Nikapita.

Ranchi ninayopeleka mabomba iko mbele ya mji. Nilipita mlangoni pa kliniki kabla ya saa kumi na mbili. Kiti cha abiria kilikuwa na koti langu tu.

Jumapili alilala kutwa na sikumwamsha. Sasa unajua yote.

Lakini nisikilize na mimi. Ningefanyaje? Wangeniona na abiria wangenivua punguzo lote kama Nikanori. Benki ingechukua nyumba, ingechukua gari, nisingekuwa na cha kufanyia kazi, na yeye mwenyewe tungemlisha nini? Dawa zake nilikuwa nanunua mimi. Nilikuwa katikati ya vitu viwili na vyote vilikuwa na meno. Nilichagua kile kilichokuwa kinatulisha wote, naye akiwemo. Nikiamka asubuhi hapa, hilo ndilo linaloniinua kitandani. Kwamba hapakuwa na njia nyingine. Bila hilo nisingeweza kushika hata tochi ya kuchomelea.

Nisamehe kama unaweza.

Ramiro


Ofisi ya Odilia Peña, Uandishi wa Kodi
Jirani na kituo cha zimamoto
11 Machi 2019

Mama Refugia,

Uliniuliza swali lako mbele ya wateja na sikuweza kukujibu huku nikikutazama. Nakuandikia.

Mjukuu wako Ramiro aliambiwa nusu. Muuzaji wa magari hakudanganya, aliishia njiani, maana yeye anauza magari, hauzi ushauri. Sheria haisemi gari lisipakie mtu. Inasema kazi izidi nusu ya maili. Kwa punguzo la mwaka jana wakaguzi wanatazama siku zile chache za Desemba tangu alinunue. Kama angempeleka mzee siku hizo, angepunguziwa sehemu ileile ya maili hizo, kitu kidogo. Kuanzia Januari, mradi maili za kazi zibaki juu ya nusu kila mwaka, hakuna anayemdai kurudisha chochote. Nimepiga hesabu kwa daftari lake mwenyewe. Kwa wiki anakwenda zaidi ya maili mia sita za kazi. Kliniki, kwenda na kurudi mara tatu, ni mia mbili na kumi. Ile nusu hata asingeikaribia.

Nikanori hakuponzwa na ufukwe. Nikanori hakuwa na daftari kabisa, na gari lake halikuwahi kubeba hata nyundo.

Kuhusu ile Jumamosi. Alikuwa anakwenda kazini, kwa barabara hiyohiyo, na kliniki iko njiani. Kumpakia mtu hakuigeuzi safari ya kazi. Asingehitaji kuandika kitu chochote.

Kuna jambo jingine na nalisema kwa sababu linaninyima raha. Ramiro aliniletea daftari lake mwanzoni mwa Februari, siku chache baada ya mazishi, kabla hajaenda Pecos. Nimeandika kodi za watu miaka ishirini na mbili na sijaona daftari safi kama lile. Nilimpongeza. Nilimwambia laiti wateja wangu wote wangekuwa kama yeye. Akasaini, akaenda. Hakuniuliza kitu, na mimi sikumuuliza.

Malipo sitaki.

Odilia


La Ceniza
15 Machi 2019

Mjukuu wangu Ramiro,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Odilia. Isome kwanza, kisha rudi kwangu.

Umeisoma?

Nilikaa nayo siku tatu. Niliiweka chini ya unga, nikaitoa, nikaisoma tena kwa kidole nikidhani nimekosea neno, kwa kuwa mimi na maneno ya ofisi hatujuani. Nikaipeleka kwa Inocencia anisomee. Neno ni lilelile. Jana niliwasha jiko niichome. Wewe hukuwahi kumuuliza Odilia na usingemuuliza. Ungeendelea kuamini hadi uzeeni kwamba hapakuwa na njia nyingine, na watu wangekusifu kwa daftari lako.

Sikuichoma. Umeniandikia kwamba hilo ndilo linalokuinua kitandani. Basi nimekuja kuliondoa. Njia ilikuwepo. Ilikuwa imenyooka, ya lami, na wewe uliipita na koti kwenye kiti. Isingekugharimu hata bei ya soda. Nakwambia mimi kwa sababu siku moja ungelisikia kwa mtu mwingine, kwenye foleni ya benki au kinyozi, ungeanguka na asiwepo anayekujua akuokote. Ukianguka kwangu najua wapi pa kushika.

Usidhani najitoa lawamani. Mkono ulioandika "usipakie mtu" ni huu huu unaoandika sasa. Nilikuwa nawaza wasichana na bia, nikasahau kwamba naandikia wanaume wawili wanaotii kupita kiasi. Nilijivunia kwamba sisi hatuibi. Hatukuiba. Na Anselmo naye, Mungu ampumzishe na mimi nitamgombeza nikimfikia, alisimama kwenye mvua akilinda sheria ambayo haikumtaka asimame. Watu watatu tusiojua sheria, kila mmoja anamwogopea mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyevuka barabara kwenda kumuuliza Odilia, aliye jirani na zimamoto, anayefungua saa mbili asubuhi.

Unaniomba msamaha. Sina leo. Nimetafuta mpaka kwenye nguo zake na sikuupata. Nina miaka sabini na tisa, huenda muda usitoshe kuupata, nisikudanganye. Lakini wewe ni wangu. Hilo halina uhusiano na msamaha, lilikuwepo kabla na litakuwepo hata nikikuchukia, na kuna asubuhi nakuchukia mpaka kahawa inapoa. Halafu naanza kujiuliza huko Pecos unakula nini.

Ukinywa pombe juu ya hili nitajua. Ukifanya jambo jingine baya zaidi, nitakufuata huko na kukuchapa mbele ya walioko. Sijazika mume ili nizike na wewe mwezi unaofuata. Umenisikia. Kula. Fanya kazi. Lia kidogo ukiwa umekaa, si ukiwa unaendesha.

Kazi yako inaisha mwisho wa mwezi, Inocencia kaniambia. Utaondoka Ijumaa na utafika hapa alfajiri ya Jumamosi, tarehe thelathini. Usije nyumbani. Nitakuwa kwenye kibao cha njia panda, kwenye lami, kuanzia saa kumi na nusu. Kukinyesha, nitakuwepo. Ukichelewa saa mbili, nitakuwepo. Usinionee huruma ukaja mapema, na usithubutu kumtuma mtu.

Utaniona kwenye taa. Mimi sitakupungia mkono kwamba upite, na kamera ya dukani itutazame mpaka ichoke. Simama. Tazama saa. Zima injini. Teremka, zunguka mbele ya gari, nifungulie mlango wa abiria. Koti lako litupe nyuma. Nishike kiwiko, maana kidato cha gari lile ni kirefu kwa miguu ya mzee, nami nitalazimika kupumzika katikati. Unifunge mkanda, taratibu, kifuani kunaniuma. Ufunge mlango. Urudi kwenye usukani, na kabla hujawasha, utazame saa tena.

Nataka ujue ni dakika ngapi.

Baada ya hapo utanipeleka nyumbani. Nitakupikia maharage na mayai, na utakula mpaka nikwambie basi.

Bibi yako,
Refugia